Kati ya hati mkato na taipu

Mwaka 1986 nilifuta sentensi moja, na naikumbuka hadi leo. Kilikuwa kikao cha watu saba, mimi wa nane, pembeni, na daftari langu la hati mkato mapajani. Mzee mmoja wa stoo alisimama akasema mzigo uliopotea aliuona kwa macho yake ukipakiwa usiku, na akamtaja aliyesimamia upakiaji. Watu wakanyamaza. Kesho yake nikiwa nachapa muhtasari, bosi wangu akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma karatasi ikiwa bado kwenye mashine, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Binti, hapo weka 'wajumbe walijadili suala la mzigo.' Inatosha." Nikaweka. Muhtasari ukasainiwa, ukaingia kwenye faili, na ndani ya faili lile mzee wa stoo hakusema neno.

Habari hii imenirudia mwaka huu kwa njia ambayo sikuitarajia. Kitinda mimba wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alitembelewa na wamisionari wawili wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale vijana wa shati jeupe na beji nyeusi kifuani, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Akawapenda. Rafiki yake mmoja akamtumia video ya kumtisha, mwingine akamtumia ya kumtuliza. Ya kwanza inasema nabii wao Brigham Young aliagiza msafara mzima wa wasafiri uchinjwe. Ya pili inasema waliochinja ni Wahindi Wekundu, na kanisa lilisingiziwa. Kijana akanirushia zote mbili na maneno haya: "Mama, wewe ulikuwa unaandika maneno ya watu. Hapo mkweli nani?"

Nimestaafu, muda ninao. Nimekaa na jambo hili miezi minne sasa.

Yasiyobishaniwa ni haya. Septemba 1857 msafara wa familia kutoka Arkansas, unaojulikana kwa majina ya Baker na Fancher, ulipiga kambi Mountain Meadows, bonde la malisho kusini mwa Utah, ukielekea California na magari ya kukokotwa na maksai na ng'ombe wengi. Tarehe 7 alfajiri ukashambuliwa. Wasafiri wakajizungushia magari, wakachimba handaki, wakapigana siku kadhaa huku maji yakiwakatikia. Tarehe 11 akatokea John D. Lee, Mmormoni mwenye madaraka eneo hilo, na bendera nyeupe: wekeni silaha chini, tutawasindikiza hadi Cedar City mpite salama. Wakakubali. Watoto wadogo na majeruhi wakatangulizwa kwenye magari, wanawake wakafuata kwa miguu, na nyuma yao wanaume, kila mmoja na mwanamgambo mwenye bunduki ubavuni. Ikatolewa amri. Wakafa watu wapatao 120. Wakabaki hai watoto 17, ambao hakuna aliyezidi miaka sita au karibu na hapo, kwa kuwa walionekana wadogo mno kuweza kusimulia.

Lazima niseme na hali ya wakati ule, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Rais Buchanan alikuwa ametuma jeshi kwenda Utah, na habari zilimfikia Brigham Young tarehe 24 Julai. Wamormoni walikuwa wamefukuzwa Missouri na Illinois. Mwaka 1838 ndugu zao 17 waliuawa Haun's Mill. Mtume wao Parley Pratt alikuwa ameuawa Mei hiyo hiyo ya 1857, tena Arkansas. Hofu ilikuwa imeenea kila kijiji. Hayo yanaeleza hasira. Bendera nyeupe hayaielezi.

Sasa mashahidi.

Nianze na siku moja, tarehe 29 Septemba 1857, siku 18 baada ya mauaji. Lee anafika Salt Lake City na kumweleza Brigham Young yaliyotokea. Kuhusu mazungumzo hayo tuna simulizi tatu za watu watatu waliokuwamo. Wilford Woodruff, mmoja wa mitume, aliandika usiku huo kwenye shajara yake kwamba Lee alikuja na habari za kutisha za damu, na akazijaza kwa kirefu: Wapaiute, Wahindi Wekundu wa eneo lile, wamewaua wote, wasafiri wenyewe walikuwa watu waovu, na mengine ya namna hiyo. Young aliulizwa mwaka 1875, kwa kiapo, naye akajibu kwamba Lee alipoanza kusimulia alimkatiza, kwa sababu tetesi alikuwa ameshazisikia na hakutaka moyo wake uumizwe na maelezo ya kina. Lee kwa upande wake, kabla ya kufa mwaka 1877, alisema alimweleza Young kila kitu, pamoja na Wamormoni walioshiriki, na kwa majina.

Wengi wanachagua mmoja kati ya hao watatu kulingana na upande walioupenda tangu mwanzo. Mimi nilifanya kile nilichofanya miaka 31 ofisini: nikaweka karatasi tatu sambamba, mstari kwa mstari. Shajara ya Woodruff ni dhaifu sana kuhusu yaliyotokea bondeni. Hakuwako. Alichoandika ni maneno ya Lee, na Lee siku hiyo alikuwa na kila sababu ya kuwabebesha Wapaiute. Lakini shajara hiyo hiyo ni imara sana kuhusu yaliyotokea chumbani. Aliandika siku ile ile, kwa faida yake mwenyewe, akiwa rafiki wa Young wa damu, bila kujua kwamba miaka 18 baadaye kungekuwa na kiapo cha kulinganisha nacho. Na shajara inaonyesha Lee alisimulia kwa kirefu. Kwa hiyo pale Young aliposema alimkatiza, simwamini, na anayenizuia kumwamini ni mtume wake mwenyewe. Je, Lee alitaja majina? Hapo Woodruff hamsaidii Lee hata kidogo, kwa sababu angeyasikia.

Karatasi ni ile ile moja, na ina sentensi ninayoitupa na sentensi ninayoitegemea.

Woodruff anatoa jingine la aina hiyo. Mei 1859 Meja James Carleton wa jeshi la Marekani alifika bondeni, akakuta mifupa na nywele za wanawake zimetapakaa vichakani, akazika alivyoweza, akajenga rundo la mawe na kusimika msalaba wa mbao wenye maneno ya Maandiko: kisasi ni changu, mimi nitalipa, asema Bwana. Mei 1861 Young alipita hapo. Woodruff, aliyekuwa naye, aliandika kwamba Young alisoma maneno yale akasema ilipaswa kuandikwa kisasi ni changu, nami nimekitwaa kidogo. Mtu anayekupenda akiandika jambo linalokuaibisha, bila kujua kwamba linakuaibisha, mimi naliweka mbele ya ushahidi wa maadui kumi. Carleton mwenyewe alikuwa adui wa wazi wa Wamormoni. Anapoandika idadi ya mifupa aliyozika namwamini, askari wake walikuwapo wanahesabu. Anapoandika kwamba mkuu mmoja wa Wapaiute alimwambia amri ilitoka kwa Young kwa barua, naandika pembeni: kaambiwa, na aliyemwambia naye kaambiwa.

Nije kwenye barua, maana ndiyo video zote mbili zinazoipigania.

Jumatatu ya tarehe 7 viongozi wa Cedar City, akiwamo Isaac Haight, rais wa kigingi, yaani kiongozi wa makanisa ya eneo lile, na afisa wa wanamgambo, walimtuma James Haslam kwa farasi kwenda kumuuliza Young wafanye nini. Ni mwendo wa karibu kilomita 400. Alifika Alhamisi tarehe 10, akapewa jibu, akageuza siku hiyo hiyo. Alirudi Cedar City Jumapili tarehe 13. Watu walikuwa wamekufa tangu Ijumaa.

Jibu lilisema wasafiri wasiingiliwe, waachwe wapite. Halafu likasema Wahindi, kwa kadiri tunavyotarajia, watafanya watakavyo, ila ninyi jitahidini kudumisha uhusiano mwema nao. Mwaka 1875, kwa kiapo, Young alieleza maudhui ya jibu hilo tu, na barua aliyokuwa ameijibu akasema ameitafuta asiione. Nakala ya jibu ikachapishwa mwaka 1884. Unaona namna hiyo inavyomfanya msomaji anyanyue nyusi. Mimi pia nilinyanyua. Lakini nakala iliyopo imo ndani ya kitabu cha nakala za barua, vile vitabu vya karatasi nyembamba ambavyo barua yenye wino mbichi hugandamizwa humo ikaacha alama yake, ukurasa kwa ukurasa, kwa mfuatano wa tarehe. Kuchomeka barua bandia katikati ya kitabu kama hicho baada ya miaka mingi si kazi ndogo, na sijaona mtaalamu aliyeonyesha kwamba ilifanyika. Kwa hiyo naichukua kuwa ya kweli, yote, na ile sentensi ya Wahindi ikiwamo. Video ya pili inaishia kwenye "waachwe wapite". Ya kwanza haitaji barua kabisa.

Hapo ndipo nikafika Beaver, mji mdogo wa Utah ambako Lee alishtakiwa. Mwaka 1874 walishtakiwa watu 9; aliyesimama mbele ya jopo, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, hadi hukumu ni Lee peke yake. Kesi ya kwanza ilikuwa mwaka 1875 mbele ya Jaji Jacob Boreman, na jopo likagawanyika. Ya pili ilikuwa Septemba 1876, jopo likiwa la Wamormoni watupu, na likamtia hatiani. Tarehe 23 Machi 1877 alipelekwa kule kule Mountain Meadows, akakalishwa juu ya jeneza lake, akapigwa risasi.

Ndani ya chumba kile cha mahakama walikaa waandishi wawili wa hati mkato, Adam Patterson na Josiah Rogerson. Walitumia mtindo wa Pitman! Nilipoisoma hiyo nilisimama nikaenda kunywa maji. Ni ukoo ule ule wa alama tuliofundishwa Chuo cha Uhazili Tabora: mstari mwembamba kwa sauti nyepesi, mzito kwa sauti nzito, konsonanti kwanza, vokali ukiwa na muda. Na muda huwa huna. Ukifikia maneno 100 kwa dakika unaandika mifupa ya maneno tu, nyama unakuja kuirudishia kwenye taipu. Mwandishi mzuri anaichapa siku hiyo hiyo, wakati sauti bado iko masikioni.

Rogerson alikuja kuichapa yake miaka mingi baadaye, akiandaa nakala kwa ajili ya kanisa. Na kwa zaidi ya karne wanahistoria walisoma nakala zilizochapwa, yake au ile iliyotokana na daftari za Patterson kwa matumizi ya Jaji Boreman, wakinukuu kana kwamba wanamsikia shahidi. Mpaka alipotokea LaJean Carruth, mama mtaalamu wa kusoma hati mkato za karne ya 19, akarudi kwenye alama zenyewe na kuzisoma upya moja baada ya nyingine. Akakuta kwamba nakala zilizochapwa na daftari haviendi pamoja. Rogerson aliacha maneno, aliongeza, alibadilisha, na mara nyingine si kwa bahati mbaya. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2017 ndani ya mkusanyo wa nyaraka za kesi.

Watu waliosoma historia chuo kikuu huenda wakaona hilo ni jambo la kitaalamu tu. Kwangu ndilo jambo lenyewe. Nimekaa kwenye kile kiti. Anayechapa haoni kwamba anadanganya. Anaona anasafisha. Shahidi amejikwaa, unamnyoosha. Kasema jambo mara mbili, unaacha moja. Kasema jina la mtu ambaye mtoto wake sasa ni kiongozi, unakumbuka kwamba pengine hukusikia vizuri. Hakuna bosi anayesimama nyuma ya kiti kila mara. Baada ya miaka michache bosi anakuwa amehamia ndani ya kidole.

Kwa hiyo shahidi anaweza kuwa mkweli, mwandishi akawa mwaminifu siku ile, na bado karatasi iliyonifikia mimi ikawa si ya kuaminika. Ni maswali matatu tofauti. Watu huuliza la kwanza tu.

Halafu kuna kuapa kwenyewe. Philip Klingensmith, aliyekuwa askofu wa Cedar City, aliacha kanisa, akatoa hati ya kiapo Nevada mwaka 1871, na kwenye kesi ya kwanza akasimama upande wa serikali ili asishtakiwe yeye. Mtu aliyenunua uhuru wake kwa maneno yake si wa kumezwa mzima mzima. Lakini alikiri kuwapo na kukiri kwamba alifyatua bunduki, na hilo hakulazimika kulisema. Kwenye kesi ya pili hakuitwa. Walioitwa walikuwa na kumbukumbu ya ajabu: kila alichofanya Lee walikikumbuka kwa undani, hadi mahali aliposimama, na wengine waliokuwapo walikuwa wamefifia kama waliotazamwa ndani ya ukungu. Kama umewahi kuona familia ikikubaliana kimya kimya nani abebe lawama, unaijua harufu hiyo. Sisemi walimsingizia Lee. Sehemu kubwa ya waliyosema juu yake naona ni kweli. Walichodanganya ni ukimya.

Lee alijua kwamba anatolewa kafara, na akaandika. Hapa tena karatasi ni zaidi ya moja. Ungamo moja alimpa mwendesha mashtaka, Sumner Howard, likatoka magazetini. Jingine alimwachia wakili wake, William Bishop, na kwa kuwa hakuwa na pesa za kumlipa, malipo ya wakili yalikuwa ni kitabu chenyewe. Bishop alikichapisha mwaka 1877, Lee akiwa kaburini. Maneno makali zaidi dhidi ya wakuu wa kanisa, hasa kwamba mtume George A. Smith alizunguka kusini Agosti ile kuwaandaa watu kwa mauaji, yamo kwenye toleo la Bishop. Kwenye lile la Howard huyaoni kwa uzito huo. Inawezekana Lee alimficha Howard. Inawezekana pia Bishop alijua kitabu gani kinauzika. Muswada wa mkono wa Lee ambao ungetuamulia haupo, kwa hiyo mimi maneno hayo siyatumii kujengea kitu. Yale ya Lee yanayomtia Lee mwenyewe matatani nayatumia bila woga: kwamba aliingia kambini chini ya bendera nyeupe, kwamba alijua kitakachofuata, kwamba ni yeye aliyewaambia waweke bunduki chini.

Kuhusu kuua kwa mkono wake anasema hakuua. Ukisoma maungamo yote ya tukio hili utashangaa. Karibu kila mmoja anakubali alikuwako. Wachache mno wanakubali kuwa risasi yao ilimpata mtu.

Wapaiute ndio waliobebeshwa mzigo huo kwa karibu miaka 20 ya mwanzo, na watu wengi waliubeba hadi karne iliyofuata. Ripoti ya Lee ya Novemba 1857 iliwataja wao tu. Young akaipeleka mbele serikalini Januari 1858 kwa maneno yanayofanana. Kwamba baadhi yao walishiriki shambulio la kwanza, mashahidi wa pande nyingi wanakubaliana. Wazee wa Wapaiute nao wamepokezana simulizi kwamba watu wao walisingiziwa, na wengine kwamba walitazama tu kutoka mlimani. Kuna wanaoziweka simulizi hizo kando kwa kuwa ni za mdomo na zilichelewa kuandikwa. Basi waiweke kando na hati ya kiapo ya Nephi Johnson, Mmormoni aliyekuwapo bondeni, ya mwaka 1908, maana nayo ilichelewa miaka 51. Karatasi haifanyi maneno yawe ya mapema.

Kuna kisa kimoja ambacho hapo mwanzo nilikitupa, kisha nikakiokota. Wamormoni walidai kwamba wasafiri, walipopita Corn Creek, walitia sumu kwenye chemchemi na kwenye mzoga wa ng'ombe, Wahindi wakafa. Maofisa wa serikali waliochunguza mwaka 1859 walikataa, na ni wazi kwamba kisa kilitumika kuhalalisha mauaji. Lakini kijana mmoja wa Fillmore kweli alikufa Septemba ile baada ya kuchuna ng'ombe. Uso ulivimba. Mwaka 2008 wanahistoria watatu, Walker, Turley na Leonard, walipendekeza kwamba ulikuwa ugonjwa wa mifugo. Mimi upande wa mama ni mtu wa Shinyanga. Nilipofika kwenye ng'ombe aliyekufa ghafla, mchunaji akawashwa, akavimba, akafa, nilisema kwa sauti peke yangu sebuleni: kimeta. Nyumbani kwetu pia waliokula mzoga wakifa alitafutwa mchawi kabla ya kuitwa bwana mifugo. Waliosema wameona watu wakiugua hawakusema uongo. Jina la aliyewafanya waugue ndilo walilolitia wenyewe, na wakalitia pale lilipowafaa.

Watoto 17 nitapita haraka. Jeshi na Jacob Forney, msimamizi wa masuala ya Wahindi, waliwakusanya kutoka nyumba za Wamormoni mwaka 1859 na kuwarudisha Arkansas. Mmoja husimuliwa kwamba alisema Wahindi walipojinawisha nyuso wakawa wazungu. Nancy Huff alitoa masimulizi yake mwaka 1875. Alikuwa na miaka minne kwenye tukio. Sarah Baker alisimulia mwaka 1940, bibi kizee, naye alikuwa na miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu hakumbuki tarehe wala vyeo vya wanamgambo. Anakumbuka nguo ya mama. Penye nguo ya mama nasoma polepole. Penye vyeo naruka.

Mifupa je? Agosti 1999 mashine ya kuchimba msingi wa mnara mpya ilifukua mifupa ya watu wasiopungua 28. Mtaalamu Shannon Novak na wenzake walipewa muda mfupi kabla gavana, Mike Leavitt, hajahimiza izikwe. Ikazikwa Septemba hiyo hiyo. Gavana huyo ni wa uzao wa Dudley Leavitt, aliyehusishwa na tukio. Mafuvu yalionyesha matundu ya risasi na mapigo ya vitu butu. Mfupa haudanganyi, lakini pia hautaji jina: tundu la risasi halikwambii bunduki ilishikwa na nani.

Na mwaka 2002 likaibuka bamba la risasi, lile chuma laini la kijivu, ndani ya jengo la kale Lees Ferry, Arizona, likiwa na maandishi yanayodai kuwa ya Lee ya mwaka 1872, yakisema amri ilitoka kwa Young kupitia George A. Smith. Yaani kile hasa ambacho kila mtu alikuwa akikitafuta, kwa ufupi, na kwa sahihi. Utah iliwahi kuumwa na nyoka huyo. Mark Hofmann alighushi nyaraka za Kimormoni miaka ya 1980, akawauzia wasomi na viongozi wa kanisa, na mwaka 1985 akaua watu wawili kwa mabomu ili asigundulike. Bamba lile wanahistoria makini hawajengi juu yake. Ushahidi unaokujibu swali lako neno kwa neno, kwa lugha ya swali lako, uulize ulizaliwa lini.

Wakati mwingine hata bila mghushi neno moja linatosha kupotosha. Dimick Huntington, mkalimani, aliandika kwenye daftari lake kuhusu kikao cha tarehe 1 Septemba 1857 kati ya Young na wakuu wa Wahindi, kwamba walipewa ng'ombe wote wa njia ya kusini kwenda California. Hilo ni zito, na limo. Lakini kuna mstari ambapo wakuu wanasema wanaogopa kupigana na Wamarekani, hivyo watakwenda kufanya nini? Mwanahistoria Will Bagley, kwenye kitabu chake cha mwaka 2002, alisoma kwamba watatafuta washirika wa vita. Waliorudi kwenye daftari wakasoma kwamba watalima nafaka. Mwandiko mmoja, na wakuu hao hao ama wanakusanya jeshi ama wanarudi shambani.

Ninayempenda kuliko wote hawa ni Juanita Brooks, mwalimu wa kusini mwa Utah, Mmormoni hadi kufa kwake, mjukuu wa yule Dudley Leavitt. Alipokuwa msichana anafundisha, mzee Nephi Johnson alimjia akamwambia macho yake yameona mambo ambayo mdomo wake haujawahi kuyasema, na anataka amwandikie. Akaahirisha, shule ilikuwa na kazi. Alipokwenda, mzee alikuwa mahututi, akipiga kelele: damu, damu, damu. Akafa mwaka 1919 bila kuandikiwa. Brooks alitumia miaka iliyofuata kutafuta alichokikosa, akanyimwa ruhusa ya kuona hati zilizokuwa mikononi mwa kanisa, na mwaka 1950 akachapisha kitabu ambacho hadi leo kila anayeandika juu ya tukio hili lazima apitie mlango wake. Baadhi ya hati za aina hiyo, zilizokusanywa mwaka 1892 na Andrew Jenson kwa kazi ya Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa, zimekuja kuchapishwa karibu miaka 60 baada ya kitabu cha Brooks. Jenson aliandika kwamba aliyoyasikia yalimnyima usingizi. Waliozungumza naye waliahidiwa siri. Mtu aliyeahidiwa siri husema zaidi. Nami hati hizo naziweka juu ya ushahidi wa mahakamani, wakili atapenda au hatapenda.

Wiki iliyopita kijana alipiga simu. Nikamwambia nilipofika: waliopanga na kuamuru ni viongozi wa Kimormoni wa kusini, Haight na Lee wakiwa mbele, na kanali wao William Dame akiwa ametoa ridhaa. Kwamba Young aliagiza mauaji, karatasi ninayoweza kuisimamia sikuiona. Kwamba baadaye alijua zaidi ya alichoapa, naamini, kwa sababu ya Woodruff. Na mwaka 2007, tarehe 11 Septemba, mmoja wa mitume wa kanisa lake alisimama bondeni akasoma tamko la majuto.

"Kwa hiyo wale wamisionari niwaambieje?"

"Waulize kama wameisoma barua ya tarehe 10 yote."

Akacheka. Kisha akauliza, "Na lile daftari lako la mzee wa stoo, unalo?"

Ninalo. Jumamosi nililitoa kwenye sanduku la bati chini ya vitenge. Penseli imefifia lakini alama zinasomeka, vidole havikusahau. Ukurasa wa tisa, mstari wa pili kutoka chini. Jina la aliyetajwa niliandika konsonanti tupu, na bila vokali linaweza kuwa la mtu mmoja au la mwingine, wote wawili walikuwa idara ile. Na mzee hakusema aliuona mzigo kwa macho yake. Nimeisoma mara tatu, nikawasha taa, nikaisoma tena. Alisema ameambiwa na mlinzi.